Rudi Nyuma, Usome Tena

(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu)

Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hawapo tena duniani. Mungu awapumzishe mahali pema.

Habari za hisa na mikopo mmeshazisikia kwa mweka hazina. Sisi tumepewa kazi nyingine. Watu wengi wanatuuliza: ninyi akina mama wa darasa la saba, na wengine hata hapo hawakufika, mnapata wapi ujasiri wa kukaa kila Alhamisi baada ya sanduku kufungwa, mkafungua Biblia na kuelezana maana yake? Nani aliwafundisha? Basi leo tunajibu. Ila jibu lenyewe lina aibu yetu ndani yake, kwa hiyo mtuvumilie.

Tulipoanza mwaka 2015, kila mkutano tulifungua kwa sala na neno fupi. Mtu anasimama, anasoma mstari mmoja anaoupenda, tunasema amina, tunaanza kuhesabu hela. Hatukuuliza kitu. Mstari mmoja ulitosha, kama mtu anayeonja mboga kwenye kiganja akasema ameshakula.

Mwezi wa Desemba 2017 tulivunja sanduku, kila mtu akapata mgao wake. Mwenzetu mmoja, mjane, fundi wa kushona, alipata shilingi 284,000. (Yeye mwenyewe yupo hapa leo, na ndiye aliyetuambia tuiseme habari hii.) Hela hiyo alikuwa ameipangia kazi mbili: mabati ya nyumba iliyokuwa inavuja, na mahitaji ya mtoto aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Wiki ileile alikuja mhubiri mgeni. Hatumtaji jina, wala si wa makanisa haya tunayoyajua. Akasoma Marko sura ya 12, kuanzia mstari wa 41 mpaka wa 44, habari ya mjane maskini aliyetia sarafu mbili katika sanduku la sadaka. Akasema: yule mama hakubakiza kitu. Na wewe mama uliyepata fedha juzi, umebakiza nini?

Mwenzetu akatoa yote. Na sisi tulikuwepo, jamani. Sisi ndio tuliopiga vigelegele.

Januari mtoto akaenda shule na sare ya kuazima. Februari mwenzetu akakopa kwetu shilingi 150,000. Mvua zikaja, akaugua, marejesho yakasimama. Kamati ikafuata katiba: faini shilingi 5,000 kila wiki. Mwezi wa Juni kamati ikafuata katiba tena, ikachukua rehani. Rehani yenyewe ilikuwa cherehani yake. Ikaletwa kwetu, nyumbani kwa mwenyekiti, ikawekwa pembeni, ikafunikwa kanga. Fundi hana cherehani, na deni linaongezeka. Tukaona tumetimiza sheria.

Mwezi wa Julai alikuja mkutanoni, akasimama, hakulia. Akasema: "Mama zangu, siku ile mlinishangilia. Leo naomba mnisomee tena habari ya yule mjane, nijue nilikosea wapi." Tukakosa la kusema. Katibu akafungua Biblia, akaisoma ile mistari minne. Kimya.

Aliyetutoa hapo ni mweka hazina wetu, ambaye ni Mwislamu. Wakati wa neno huwa anakaa kimya kwa heshima. Siku ile akasema: "Samahani wenzangu, mimi si wa kitabu hiki. Lakini sisi kwetu, aya tunauliza kwanza iliteremka kwa sababu gani. Ninyi hamuulizi? Hapo kabla palikuwa na maneno gani?"

Katibu akarudi nyuma mpaka mstari wa 38. Pale Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi. Mama mmoja akashangaa, ati waandishi wa habari? Tukacheka kidogo. Katibu akaeleza kwamba hao ni walimu wa sheria ya Wayahudi. Wanapenda kutembea na mavazi marefu, kusalimiwa sokoni, kukaa viti vya mbele. Kisha mstari wa 40: wanakula nyumba za wajane, na kwa kujionyesha wanasali sala ndefu.

Bibi yetu mmoja, asiyejua kusoma kabisa, akainua mkono. "Hebu rudia. Hao wajane wanaoliwa nyumba, na huyu mjane anayetoa senti mbili, si wanafuatana?" Tukaangalia. Wanafuatana! Mstari wa 40 wajane wanaliwa nyumba zao, mstari wa 42 anakuja mjane ambaye hana kitu. Sisi wenye macho hatukuona, kwa sababu katikati pana kichwa cha habari kwa herufi nzito, na tulizoea kuanzia pale chini yake. Bibi hakuona kichwa cha habari. Yeye alisikia tu.

Hapo ndipo darasa letu lilipozaliwa. Tangu siku hiyo tumejifunza mambo matano, na tunayatoa kwenu kama tulivyoyapata.

Jambo la kwanza: rudi nyuma, halafu nenda mbele. Usikubali mstari uliokatwa peke yake. Mwalimu wa katekisimu tuliyemwomba aje kutusaidia alitueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Marko hakuandika sura wala mistari. Sura hizi tunazotumia ziliwekwa katika karne ya 13, na anayetajwa kuzigawa ni Stephen Langton wa Uingereza. Mistari ya Agano Jipya iliwekwa mwaka 1551 na mpiga chapa mmoja Mfaransa, Robert Estienne. Ni msaada mkubwa wa kutafutia mahali, lakini ni kama vigingi vya shamba, na mvua haitazami vigingi. Tukaenda mbele pia. Sura ya 12 inaishia kwa yule mjane, na sura ya 13 inaanza palepale: mwanafunzi anamwonyesha Yesu mawe makubwa na majengo mazuri ya hekalu, naye anajibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Na ndivyo ilivyokuwa, Warumi walilibomoa hekalu mwaka 70. Basi kabla ya mjane wapo wanaokula nyumba za wajane, na baada yake lipo jengo litakaloanguka. Yeye yupo katikati na senti zake mbili. Ukimtoa hapo katikati, unaweza kumfanya aseme chochote unachotaka.

Jambo la pili: uliza nani anasema, anamwambia nani, na wapi. Yesu amekaa hekaluni, mbele ya sanduku la hazina, anatazama watu wanavyotoa. Mapokeo ya kale ya Wayahudi, yaliyoandikwa katika kitabu kiitwacho Mishna, yanasema hekaluni yalikuwapo masanduku 13 ya namna hiyo, yenye midomo mfano wa tarumbeta. Sasa sikilizeni vizuri. Yesu anawaita wanafunzi wake na kusema nao. Hakumwita yule mama. Hakumwambia atoe, wala hakumwuliza amebakiza nini. Hata wanafunzi hakuwaambia waende wakafanye vivyo hivyo. Neno la namna hiyo alilisema mahali pengine, katika Luka sura ya 10, baada ya habari ya Msamaria mwema. Hapa hakulisema. Sisi tuliliongeza, na mhubiri wetu naye aliliongeza.

Jambo la tatu: uliza neno lilikuwa na maana gani kwa watu wa wakati ule. Senti mbili ni kiasi gani? Tuliambiwa kwamba dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua ya siku moja, na hilo mtalikuta katika Mathayo sura ya 20, kwa wale vibarua wa shamba la mizabibu. Visarafu vya yule mama, viwili pamoja, vilikuwa sehemu moja katika sehemu 64 za dinari. Katibu akapiga hesabu ya kwetu: tuseme kibarua cha kulima kutwa ni shilingi 6,400, basi sadaka yake ilikuwa shilingi 100. Shilingi 100! Mtoto wa siku hizi ukimpa anakutazama usoni. Hapo tukaelewa mambo mawili kwa mara moja. Kwanza, jinsi alivyokuwa fukara. Pili, kwa nini Yesu alisema ametoa kuliko wote: wengine walitoa katika ziada yao, na Yesu hakupima kilichotolewa, alipima kilichobaki.

Kwa jambo hili tunasoma Biblia zaidi ya moja. Tunayo ile ya Union Version, ambayo wazazi wetu walikuwa nayo tangu mwaka 1952, na tunayo Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990, ambayo lugha yake ni nyepesi zaidi. Mmoja anasoma hii, mwingine anasoma ile, na palipo na tofauti tunasimama. Kuuliza si ujinga.

Jambo la nne: uliza Biblia yenyewe inasemaje mahali pengine. Kitabu kikubwa hujieleza chenyewe kama mtu mzima. Tukagawana kazi, kila mmoja atafute mjane katika Biblia alete. Kutoka 22 mstari wa 22 inakataza kumtesa mjane wala yatima. Isaya sura ya 10 inawalaumu watu wanaoandika sheria za uonevu ili wapate kuwateka wajane. Mwalimu naye akatuonyesha Marko sura ya 7, ambapo Yesu mwenyewe anawakemea waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu huku wazazi wao wanakosa msaada. Ni Marko yuleyule, sura tano tu kabla ya yule mjane. Basi mtu akisema Mungu anataka sadaka ya mama hata kama mtoto anakosa sare, na alijibu kwanza fungu hilo.

Halafu mama mmoja mdogo akasoma alichokuwa amekipata yeye, Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 17. Mstari huo unakataza kutwaa nguo ya mjane kuwa rehani.

Jamani. Nguo tu imekatazwa. Sisi cherehani ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, chini ya kanga.

Hakuna aliyetunyoshea kidole. Ila tulijiona. Tulikuwa tumekaa wiki tatu tunamsema mhubiri, kwamba yeye ndiye mla nyumba za wajane. Kumbe yeye alikula mara moja akaenda zake, na sisi tulikuwa tunakula kila wiki, shilingi 5,000, kwa risiti na muhuri.

Na hilo ndilo jambo la tano, ambalo tungependa mlishike hata kama mtasahau mengine. Fungu la Biblia likisomwa, usiulize kwanza linamwambia nini jirani. Uliza linatudai nini sisi tulioshika kitabu. Mhubiri yule alimsomea mjane. Angejisomea mwenyewe, angeanzia mstari wa 38, na pengine mkono wake ungetetemeka kabla ya kupokea ile hela. Na sisi vilevile. Fungu likikupa kitu cha kumdai mnyonge, wewe ukabaki huna unachodaiwa, rudi nyuma, usome tena. Mara nyingi umelikata mahali.

Siku iliyofuata tuliibeba cherehani, watu wanne, tukaipeleka kwake mchana, watu wote wakiona, kwa maana tulikuwa tumeichukua watu wote wakiona. Faini zote tulizifuta. Deni lenyewe hatukulifuta, na yeye hakutaka lifutwe, alisema yeye si ombaomba, ni fundi. Alilimaliza kwa miezi minane. Katiba tuliibadilisha: cherehani, jembe, jiko la mama lishe, chombo chochote ambacho mtu anakitumia kupata riziki yake, hakichukuliwi rehani kwa mwanachama yeyote, awe mjane au asiwe mjane. Na mwanachama akikwama, kabla ya faini wanatumwa watu wawili nyumbani kwake wakaulize kuna nini.

Wapo walioona tunaua kikundi. Walisema, mkilegeza rehani watu hawatalipa. Hatuwalaumu, hata sisi usingizi ulitupungua. Lakini mmesikia hesabu za mweka hazina leo. Sanduku lipo, na tupo.

Sasa tusije tukaeleweka vibaya, hasa na viongozi wetu wa dini waliopo hapa. Hatusemi watu wasitoe sadaka. Mwenzetu yule mpaka leo anatoa, na hatujamkataza. Wala hatusemi kwamba mjane wa Marko alikosea. Yesu alimheshimu mbele ya wanafunzi wake, na moyo wake ulikuwa wote kwa Mungu. Katika darasa letu wapo wanaosema Yesu alikuwa anamsifu, na wapo wanaosema alikuwa anasikitika kwa ajili yake. Tumeambiwa kwamba hata wasomi wakubwa wanatofautiana hapo. Sisi tumeona tuyashike yote mawili: tumheshimu mama anayetoa, na tumwogope Mungu sisi tunaopokea. Palipo na maneno mawili si lazima tulitupe moja ili tulale vizuri.

Kwa wale wanaotaka kuanza darasa kama letu, utaratibu ni mwepesi. Fungu linasomwa kwa sauti mara tatu, na watu watatu tofauti. Wasiojua kusoma ndio wanaoulizwa kwanza wamesikia nini, kwa sababu tumeona faida yake. Kisha katibu anapiga mistari kwenye daftari, sehemu tatu: linasema nini, halisemi nini, na sisi tutafanya nini wiki hii. Ile sehemu ya katikati ndiyo inayotuokoa. Hairuhusiwi mtu kufunga mazungumzo kwa kusema "Mungu ameniambia". Akuambie na sisi tuone, kwenye mistari. Tukikwama tunaandika swali na kulipeleka kwa mchungaji au kwa mwalimu, wala hatuoni haya. Asiye wa dini yetu anakaribishwa kukaa au kuondoka kwa hiari yake, wala hasomewi ili abadilishwe. Na saa ikifika tunafunga, maana watoto wanangoja chakula.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mmoja akija peke yake, hata awe mwaminifu namna gani, halifunguki. Tumeona na Biblia tuifungue hivyohivyo. Ufunguo mmoja siku ile alikuwa nao mama wa Kiislamu aliyeuliza palikuwa na nini kabla. Wa pili alikuwa nao bibi asiyejua kusoma. Wa tatu alikuwa nao mjane mwenyewe, aliyesema nisomeeni tena. Sisi viongozi, tuliokuwa tunasoma kila wiki, hatukuwa na hata mmoja.

Bibi yule alifariki mwaka 2022. Lakini mkija Alhamisi yoyote, mtasikia mtu akimaliza kusoma, sauti moja au nyingine inasema kama yeye: "Hebu rudia."